Bega Likiuma, Punguza Chuma

Jioni ukipita Mwanjelwa, Mbeya, au Mlandege, Iringa, utawakuta vijana uani wakinyanyua vyuma. Vingine ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Siwacheki, nami nilianza hivyo hivyo.

Tatizo ni bega. Likianza kuuma kijana huchuliwa dawa, huambiwa "misuli inakua", na kesho yake anaongeza uzito. Sivyo. Bega hushikiliwa na misuli minne midogo. Ukipandisha chuma juu ya kichwa kila siku kupita uwezo wake, kano zake huumia. Na baridi yetu hii, wengi huanza bila hata kupasha mwili moto!

Acha kwanza zoezi linaloumiza, punguza uzito. Lakini usiufunge mkono kitambaa mwezi mzima; bega litakakamaa. Mkono usipoinuka, au maumivu yakikuamsha usiku, nenda hospitali. Wengi wa vijana hawa asubuhi hubeba magunia ya viazi sokoni, kwa bega hilo hilo.