Raj Reddy, Mashine Zinazosikia, na Kiswahili cha Nyumbani Kwetu
Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Maskati



Kamati imenitaka nizungumze na vijana juu ya elimu ya kompyuta. Mimi nimestaafu katika utumishi wa serikali, na chombo changu kilikuwa faili, kwa hiyo ufundi wenyewe nawaachia waliousomea. Nitasimulia maisha ya kazi ya mtu mmoja, Profesa Raj Reddy, kisha nieleze yanavyoihusu lugha tunayozungumza humu ukumbini.

Reddy alizaliwa mwaka 1937 katika kijiji cha Katur, kusini mwa India, katika nyumba ambayo kabla yake hapakuwa na aliyefika chuo kikuu. Alisomea uhandisi wa ujenzi katika Chuo cha Guindy, Madras, akahitimu mwaka 1958. Kutoka hapo alikwenda Australia, kisha Marekani, na mwaka 1966 akapata udaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford chini ya John McCarthy, mmoja wa waasisi wa elimu ya akili bandia. Mwaka 1969 akahamia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh. Wengi wetu tulihama tukiwa watu wazima, basi safari ya namna hiyo haihitaji kuelezwa hapa.

Kazi aliyoichagua ilikuwa kuifanya mashine isikie usemi wa binadamu. Jambo hilo laonekana jepesi kwa sababu mtoto wa miaka miwili analiweza. Lakini tusemapo hatuachi nafasi kati ya neno na neno kama tuandikavyo. Sauti huingiliana, na hakuna watu wawili wenye koo moja. Mwaka 1976 mwanafunzi wake, Bruce Lowerre, alikamilisha programu iitwayo Harpy, iliyotambua sentensi zilizotungwa kwa maneno 1,011. Mwaka 1988 mwanafunzi mwingine, Kai-Fu Lee, alifika mbali zaidi kwa programu ya Sphinx, iliyomsikia msemaji yeyote, asemaye mfululizo, bila kuzoezwa sauti yake kwanza. Mwaka 1994 Reddy alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika elimu hiyo, pamoja na Edward Feigenbaum.

Hebu tuyapime maneno hayo 1,011 kwa lugha yetu. Chukueni kitenzi kimoja tu, kuleta. Wekeni mtenda katika nafsi zote na ngeli zote, na mletwa vivyo hivyo, ongezeni nyakati nne au tano, kanusheni, kisha njooni kwenye letea, letwa na leteana. Maumbo yanapita elfu moja kabla hamjagusa kitenzi cha pili! Mashine yenye orodha ya maneno ya Kiingereza hukutana na neno zima likiwa limekaa tayari. Ya Kiswahili hukutana na "hatukuwaletea", neno moja lililobeba sentensi nzima. Ndiyo maana Hadrien Gelas na wenzake wa Ufaransa, waliochapisha mwaka 2012 kazi yao ya kuitambulisha mashine usemi wa Kiswahili, waliona haja ya kuyakata maneno vipandevipande.

Sasa nije kwenye magari, maana najua vijana ndiyo wanayoyangoja. Mwaka 1979 Reddy aliasisi Taasisi ya Roboti pale Carnegie Mellon, akaiongoza hadi 1991. Hakuyajenga magari yale kwa mikono yake. Aliwakusanya watu na kuwapa nafasi, nayo ni kazi ambayo sisi tuliokaa maofisini twaijua thamani yake. Katika taasisi hiyo yalizaliwa magari ya Navlab. Mwaka 1989 Dean Pomerleau alieleza programu yake ya ALVINN, ambayo haikuandikiwa kanuni za barabara. Ilitazama njia kwa kamera, huku ikimwangalia dereva anavyoukata usukani, ikajifunza. Mwaka 1995 yeye na Todd Jochem walitoka Pittsburgh hadi San Diego, maili 2,849, na kwa maili 2,797 usukani ulishikwa na kompyuta. Mafuta na breki walibaki nazo wao, na naona walifanya busara.

Liko jambo moja katika kazi ya Pomerleau ambalo nimelifikiri sana. Dereva mzuri hukaa katikati ya njia yake daima. Programu iliyoona hayo peke yake haikujua la kufanya gari lilipoanza kupotoka, kwa kuwa upotokaji haikuonyeshwa kamwe. Ikambidi azisogeze picha kulia na kushoto, kana kwamba gari limeacha njia, aifundishe usukani urudishwe vipi. Mwaka 1970 nchi hii ilikuwa na kilomita kama 10 tu za lami. Leo barabara zafika Dhofar, na ngamia huzikatiza wapendapo. Mashine iliyosomea Pennsylvania haijamwona ngamia.

Usemi nao una hukumu hiyohiyo. Watafiti wale wa Ufaransa walitumia, miongoni mwa mengine, sauti za matangazo ya habari. Msomaji wa habari ni dereva wa katikati ya njia. Lakini bibi zetu hawasemi kama redio. Hutamka kheri kwa kh yake na ghali kwa gh yake, na katikati ya sentensi hupita kwenye Kiarabu na kurudi bila kubisha hodi. Mtu wa Mombasa hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi tu. Mashine isiyosikilizishwa hayo itawaandikia bibi zetu maneno ambayo hawakuyasema, na mjukuu atakayeisoma karatasi ataiamini karatasi.

Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ulioanza mwaka 2017, ulikipokea Kiswahili mwaka 2021, na Kathleen Siminyu wa Kenya alikuwa miongoni mwa waliousimamia. Mtu husoma sentensi, sauti yake ikahifadhiwa. Baadhi yenu mmeniuliza kama ukoo wetu ujiunge. Neno moja lisifichwe: sauti zile hutolewa bila masharti, na yeyote aweza kuzitumia, hata kampuni ya biashara. Sauti ikishatoka hairudi. Wako kati yetu wasiopenda sauti za wake na mabinti zao zizagae, na wako wanaohofia matapeli wanaoiga sauti za watu. Hofu hizo si za ujinga, na asiyetaka asisukumwe.

Rai yangu ni tufanye mambo mawili mbalimbali. Vijana walioridhia wasome sentensi za mradi ule, kwa lafudhi zao za humu nyumbani, wasiigize redio. Wazee tuwarekodi wakizungumza wapendavyo, juu ya mitaa, mapishi, safari za majahazi na nasaba, na rekodi hizo zibaki mikononi mwa ukoo mpaka mwenye sauti mwenyewe aseme vingine. Mwenye kuweza kuziandika neno kwa neno aziandike, maana sauti isiyo na maandishi yake haiifai sana mashine, wala mjukuu aliyesahau lugha.

Baada ya sala ya Alasiri chumba cha pembeni kitakuwa wazi. Kinasa sauti kipo, na karatasi za ridhaa zimeandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiarabu. Bibi yetu mkubwa amekubali kuanza. Ameomba aletewe kahawa kwanza, na feni izimwe isije ikamfunika sauti.