Jinsi Mswada Unavyopata Kuwa Sheria



Mwaka 1908 ilipitishwa Sheria ya Hati za Ardhi, na ardhi ya pwani isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Katika Baraza la Kutunga Sheria hakuwamo Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944.

Leo mswada husomwa Bungeni mara tatu. Ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwa kamati, na Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe. Hapo ndipo pa kusema, kwani ukishapitishwa humfikia Rais, mwenye siku 14 tu za kuutia sahihi au kuurudisha. Maoni ya maandishi hupelekwa kwa Karani wa Bunge.