Uji wa Watoto Wetu na Sumu Isiyoonekana kwa Macho

Hotuba iliyotolewa katika kikao cha kamati za afya na maendeleo za parokia, Kariakoo, Dar es Salaam



Nimeombwa niseme juu ya unga wa lishe tunaowagawia akina mama kila mwezi. Tunausaga kwa mahindi na karanga tunazonunua humu humu Kariakoo. Kwa kubana matumizi, mara nyingi tumechukua karanga zilizovunjika na kusinyaa kwa kuwa bei yake ni ya chini. Leo naomba tulitazame upya jambo hilo.

Karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri huota ukungu, na ukungu huacha sumukuvu. Zinazotusumbua zaidi ni aflatoksini na fumonisini. Hazionekani kwa macho, na kuchemsha uji hakuziondoi. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua kwa aflatoksini na 125 walifariki. Mwaka 2016 hapa kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na 20 kati yao walifariki. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi yumo katika hatari ya saratani ya ini.

Mtaniuliza: kama haionekani, inajulikanaje? Ipo mashine iitwayo spektrometa ya masi. Molekuli za kitu kinachopimwa hutiwa chaji ya umeme, hurushwa mahali palipoondolewa hewa, kisha hutenganishwa kwa kulinganisha uzito na chaji yake. Kila kemikali ina uzito wake na huvunjika kwa namna yake, hivyo hutambulika hata ikiwa kidogo mno. Mashine hii hupima chakula, na hupima pia mwili wa aliyekila. Mkojo hueleza sumu iliyoliwa siku chache zilizopita. Damu, ambamo aflatoksini hushikamana na protini, hueleza ya wiki na miezi iliyopita.

Watafiti wa Tanzania na wenzao wa nje waliwafuatilia watoto 166 wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Fumonisini ilipimwa katika mkojo kwa mashine hii. Watoto waliokuwa na fumonisini nyingi walielekea kuwa wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Kwa aflatoksini, uhusiano na ufupi haukuthibitika wazi, ila kiwango chake katika damu kilipanda kadiri watoto walivyokua.

Ndugu zangu, sisi hugawa unga ili mtoto akue. Tukigawa unga wenye sumukuvu, tunajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Hatuombi fedha za kununua mashine. Ni ya gharama kubwa na inahitaji wataalamu. Tunaomba kamati zikubali mambo manne:

1. Tuache kununua karanga zilizovunjika, zilizosinyaa au zenye ukungu, hata zikiwa rahisi.
2. Mahindi yachambuliwe kwa mkono na kukobolewa kabla ya kusagwa, kwani sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye punje mbovu na pumba. Akina mama wanaochambua walipwe.
3. Magunia yawekwe juu ya vichanja, yasiguse sakafu wala ukuta.
4. Sampuli ya kila shehena ipelekwe maabara. Kiwango cha Afrika Mashariki hakizidishi sehemu 10 za aflatoksini katika bilioni. Mpaka majibu yatoke, unga wa watoto walio chini ya miaka miwili usitiwe karanga; tutumie maharage, ambayo hayashambuliwi kirahisi hivyo.

Najua gharama itapanda, na huenda tukawahudumia watoto wachache zaidi kwa fedha zile zile. Wafadhili wetu, nawaambieni mapema ili msishangae mtakapoona hesabu za mwaka. Afadhali vikombe vichache vya uji salama kuliko vingi tusivyoweza kuvitolea ushahidi.