Kuunga Vyuma kwa Shaba
(Maneno tuliyowaambia wanachama wa Kola, Machakos)



Wazee wa Ukambani walisifiwa kwa mikufu yao ya chuma na shaba. Basi kuunga fremu ya baiskeli kwa shaba ya manjano na moto wa gesi si kazi ngeni kwetu. Lakini ina masharti yake.

Kwanza, chuma chenyewe hakiyeyuki. Chuma cha baiskeli huyeyuka kwenye joto la kama digrii 1500, na fimbo ya shaba karibu na 900. Pasha chuma mpaka kiwe chekundu, ndipo uguse kwa fimbo. Joto la chuma ndilo liyeyushe shaba. Ukiidondosha juu ya chuma kisichopata moto wa kutosha, itabanduka kama tope ukutani, na mwenye baiskeli ataanguka njiani.

Pili, kwaruza kutu, rangi na mafuta mpaka chuma king'ae, kisha tia boraksi. Nafasi ya kiungo iwe nyembamba kama karatasi, maana humo shaba hujivuta yenyewe.

Tatu, usipake mafuta vali ya oksijeni hata kama ni ngumu. Mafuta yakikutana na oksijeni ya mtungi huwaka ghafula.

Nne ni moshi. Shaba ya manjano ina zinki, na mabomba mengi yamepakwa zinki. Ukiona moshi mweupe, joto limezidi. Mwenzetu mmoja aliunga mabomba kama hayo chumbani, madirisha yamefungwa. Usiku akatetemeka kwa homa, nasi tukasema ni malaria. Kesho yake akapona, akarudi kazini, na usiku homa ikarudi. Ndipo tulipoelewa kwamba ni moshi. Tangu siku hiyo twaondoa zinki kwanza, na kazi twaifanya nje.

Ndugu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga na kuondoa moshi wenye madhara. Miwani na hewa safi si zawadi, ni haki. Kijana mmoja akidai peke yake ataambiwa aende zake. Tukidai sote tutasikilizwa.

Nanyi mafundi wa zamani, msiwafiche vijana ujuzi wala hatari zake.

Umoja ni nguvu.