Fanny Eaton, Mwanamke wa Katika Picha

Leo twataka kuwapa habari za Fanny Eaton, aliyekaa London zama za Malkia Victoria. Alizaliwa Jamaika mwaka 1835, mwaka mmoja tu baada ya sheria ya kukomesha utumwa kuanza kutumika huko.

Huko London kazi yake ilikuwa kusafisha nyumba za watu, na mumewe aliendesha gari la farasi. Ili kuongeza riziki ya watoto, Fanny alikwenda kwa wachoraji, akakaa kimya bila kutikisika, nao wakamchora. Mwezi wa Julai 1860, chuo cha Royal Academy kilimlipa shilingi 15 kwa vikao vitatu. Mwaka huo huo Simeon Solomon alionyesha picha ya mamaye Musa. Uso wa mama yule ni wa Fanny.

Mumewe alifariki mwaka 1881. Fanny akalea watoto kwa sindano, baadaye akawa mpishi, na akafariki mwaka 1924. Wachoraji walisifiwa, jina lake likafunikwa miaka mingi, mpaka wataalamu walipolifukua.

Basi tutazamapo picha, tusitosheke kuuliza ni nani aliyechora. Tuulize pia ni nani aliyechorwa.