Bangi na Maoni ya Wengi

(Mazungumzo ya asubuhi katika redio. Masomo: Kutoka 23:2 na Luka 15:11-32)

 

Asubuhi hii twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine hawakutazamia kulisikia katika kipindi cha Neno la Mungu. Jambo hilo ni bangi. Twalisema kwa sababu twaulizwa. Hapa Nakuru twaulizwa na vijana baada ya ibada, twaulizwa na makanga katika stendi ya matatu, twaulizwa hata na wazee matangani: "Pasta, watu wanataka bangi ihalalishwe. Kanisa lasemaje?" Mji wetu uko katika barabara kuu itokayo pwani na Nairobi kwenda Uganda, na kila kipitacho barabarani huacha makombo yake kwetu. Hatusemi basi juu ya mambo ya mbali.

Kwanza tukumbuke jinsi jambo hili lilivyokuja mbele ya watu. Sheria yetu ya mwaka 1994 iliweka kifungo cha miaka 10 kwa mtu apatikanaye na bangi ya kuvuta yeye mwenyewe. Mwaka 2022 Bunge likairekebisha sheria hiyo na kuipunguza adhabu, lakini bangi ingali imekatazwa. Mwaka 2018 marehemu Ken Okoth, aliyekuwa Mbunge wa Kibra, alitaka kupeleka Bungeni mswada wa kuihalalisha. Alifariki Julai 2019 kwa ugonjwa wa saratani. Mwaka 2021 ndugu zetu Warastafari walikwenda Mahakama Kuu wakidai ruhusa ya kuitumia katika ibada yao. Kisha ukaja uchaguzi wa mwaka 2022. Profesa George Wajackoyah aligombea urais, akaahidi kwamba bangi ingelimwa na kuuzwa nchi za nje ili deni la taifa lilipwe. Mnakumbuka jinsi vijana walivyomshangilia kila alikopita. Ungedhani nchi nzima imekwisha kukubali. Lakini kura zilipohesabiwa alipata 61,969 kati ya kura zaidi ya milioni 14. Hawakufika hata mtu mmoja katika kila watu mia mbili.

Wakristo wengi walifurahi siku ile wakasema, "Mnaona? Wengi wako upande wetu." Ndugu zangu, hapo ndipo twapenda tusimame kidogo. Je, ukweli wetu umejengwa juu ya hesabu ya vichwa?

Tazameni Marekani. Kule kuna shirika liitwalo Gallup ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiwauliza watu maoni yao. Mwaka 1969 liliuliza kama bangi ihalalishwe, na watu 12 tu katika kila mia wakasema ndiyo. Mwaka 2023 liliuliza tena, na watu 70 katika kila mia wakasema ndiyo. Mmea ni ule ule. Moshi ni ule ule. Kilichobadilika ni maoni ya watu. Kilichotokea kule kwa miaka hamsini na kitu kinaweza kutokea kwetu kwa miaka kumi, maana siku hizi maoni husafiri upesi kuliko matatu. Basi kama silaha yetu ni kusema tu kwamba sisi ndio wengi, tutafanya nini siku tutakapokuwa wachache?

Neno la Mungu katika Kutoka, sura ya 23, aya ya pili, latuonya tusiwafuate wengi katika kutenda uovu, wala tusiwafuate wengi katika kupotosha hukumu. Nasi twajua kwamba mbele ya Pilato wengi walikuwa upande wa Baraba. Kwa hiyo Mkristo haulizi kwanza, "Wengi wasemaje?" Huuliza, "Lililo kweli ni lipi, na jirani yangu atapata nini?"

Sasa tuseme wazi tunaloamini. Kijana mmoja alituambia, "Pasta, Mwanzo 1:29 yasema Mungu alitupa kila mche utoao mbegu, na bangi ina mbegu." Tulimjibu kwamba ni kweli, mimea yote ni ya Mungu. Lakini hata mtama tumepewa na Mungu, na kila mtu ajua watu wamefanya nini na mtama. Kupewa kitu si kuamriwa kukitumia kila namna.

Wala si haki kusema kwamba mmea huu hauna faida yoyote. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa iliyotengenezwa kutokana nao kwa wagonjwa wenye aina kali za kifafa zinazowapata watoto wadogo. Mungu ashukuriwe kwa kila mtoto aliyepona degedege. Lakini dawa hupimwa, huandikwa na daktari, na hutolewa kwa kiasi. Msokoto wa kijiweni haupimwi na mtu. Madaktari wametufundisha kwamba ubongo wa kijana huendelea kukua mpaka yapata miaka 25, na kwamba bangi ikianzwa mapema na kuvutwa mara kwa mara hudhuru kumbukumbu, huondoa hamu ya masomo na kazi, na kwa baadhi ya watu huleta ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwapo. Si kila avutaye hupatwa na hayo. Lakini hapana ajuaye mapema ni nani atakayepatwa. Hata Kanada, nchi iliyoihalalisha mwaka 2018, haikuruhusu wauziwe watoto. Kwa sababu hiyo sisi hatuwezi kusema bangi iuzwe kama viazi. Hilo twalishika, wengi wakitaka au wasitake.

Pia tusiwe watu wa mizani mbili. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila Wakenya 53 wa umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja hutumia bangi; lakini katika kila 8, mmoja hutumia pombe. Wako wanaopaza sauti juu ya bangi mchana, na jioni chupa iko chini ya meza. Kijana wa nyumba hiyo anaona. Hatakuambia, lakini anaona.

Basi sasa, wapendwa, tuwaeleze jambo lililotupata sisi wenyewe. Twalieleza kwa aibu kidogo, na kwa ruhusa ya mama mwenye habari hii, ila jina lake hatulitaji.

Katika majira yale ya kampeni za mwaka 2022, Jumapili moja tulihubiri kanisani kwetu juu ya bangi. Tulihubiri kwa nguvu. Mwisho wa mahubiri tukasema, "Wote wanaokataa bangi isihalalishwe, na wainue mikono." Mikono yote ikainuka, tangu wanakwaya mbele mpaka watoto nyuma. Tukamsifu Mungu. Tulirudi nyumbani tukiona kwamba tumefanya kazi njema.

Baada ya miezi mitatu, jioni moja mvua ikinyesha, mama mmoja alibisha mlango wetu. Ni mama tunayemfahamu sana, mtu wa maombi, asiyekosa ibada. Alikaa muda mrefu bila kusema. Kisha akatuambia kwamba mwanawe, ambaye sisi wote tulidhani yuko Molo kwa mjomba wake, hakuwa Molo. Alikuwa nyumbani, katika chumba cha nyuma. Alianza kuvuta bangi akiwa kidato cha kwanza. Akafukuzwa shule kidato cha tatu. Sasa alikuwa halali usiku, anazungumza na watu wasioonekana, na mama alikuwa akifunga mlango kwa nje kila aendapo sokoni.

Tulimwuliza, "Mama, miaka yote hii, mbona hukutuambia?"

Akajibu, "Pasta, mimi nilitaka kuwaambia. Jumapili ile mliposema tuinue mikono, nami niliinua wangu. Nikatazama nyuma nikaona mikono yote iko juu. Nikasema moyoni, basi hapa nitamleta kwa nani?"

Ndugu wasikilizaji, usiku ule hatukulala. Maana maoni yetu yalikuwa sawa. Hata leo twasema yalikuwa sawa. Lakini yalikuwa yamefunga mlango, na mama huyu alikuwa amesimama nje akinyeshewa.

Ndipo tulipousoma upya ule mfano wa Bwana wetu katika Luka, sura ya 15. Sisi wahubiri hupenda kumsema mwana mpotevu. Safari hii tulimtazama kaka yake mkubwa. Kaka yule hakusema uongo hata kidogo. Aliposema kwamba mdogo wake amekula mali ya baba pamoja na makahaba, yaliyopotea yalikuwa yamepotea kweli. Ukiwauliza watu wa kijiji, wengi wangekuwa upande wake. Lakini tazameni mahali aliposimama. Alikuwa nje ya nyumba, na maoni yake yaliyo sawa. Na baba je? Baba hakuhalalisha ule uasherati wala hakusema nguruwe ni ndugu wema. Aliliita jambo kwa jina lake, akasema mwanawe alikuwa amekufa. Lakini alipomwona akali mbali, alipiga mbio. Kisha akatoka tena mara ya pili, kumbembeleza yule mkubwa aingie.

Kesho yake tulikwenda kwa yule mama pamoja na wazee wawili wa kanisa. Kijana alikataa kutuona. Tulikwenda tena mara nne. Mwishowe alikubali kwenda hospitali, na daktari akatuambia kwamba ni ugonjwa, nao watibiwa, lakini kwa muda mrefu, na kwamba tusimnyime dawa kwa kisingizio cha maombi. Tukaomba, naye akameza dawa. Mzee mmoja, fundi wa baiskeli, ambaye siku ile ya kuinua mikono aliinua yote miwili, alimpa nafasi katika kibanda chake amfundishe kazi. Kijana alitoroka mara mbili akarudi kijiweni. Mara zote mbili mzee alifunga kibanda akaenda kumtafuta. Hatuwaambii kwamba amepona kabisa. Kuna majuma mabaya. Lakini Jumapili huketi kiti cha nyuma karibu na mlango, na mama yake hafungi tena chumba kwa nje.

Kwa hiyo, wapendwa, serikali ikiuliza maoni yetu, na tuyatoe kwa adabu na bila hofu, kama raia. Na tuseme pia kwamba kijana aliyekamatwa na msokoto mmoja mfukoni ahitaji daktari na mlezi zaidi ya jela. Lakini tusidhani kwamba tukikwisha kutoa maoni tumekwisha kazi. Bunge laweza kukataza, na mwanao akavuta. Bunge laweza kuruhusu, na mwanao asivute. Yale yatakayomshika ni yale aliyoyakuta nyumbani na kanisani.

Wewe mzazi unayeficha, usifiche tena. Mtafute mtu mmoja unayemwamini umwambie leo, nenda naye hospitali. Hiyo si aibu. Wewe mzee wa kanisa, akija mama wa namna hii, usianze kwa kuuliza, "Ulimlea vipi?" Anza kwa kumpa kiti. Nawe kijana unayetusikiliza, labda umeketi kijiweni asubuhi hii na redio ya jirani imekufuata mpaka hapo: hatukuja kukuhesabu upande wa wabaya. Twakwambia kweli kwamba moshi huo unakuibia, na twakwambia kweli kwamba nyumba ya Baba iko wazi. Njoo kama ulivyo. Ukiogopa kiti cha mbele, kaa nyuma karibu na mlango. Yupo mwenzako hapo.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, tusamehe sisi tuliosema kweli bila upendo. Waponye vijana wetu ambao akili zao zimechoka, na uwatie nguvu mama zao. Wape hekima wanaotutungia sheria. Utufanye tutoke nje kama Baba, tukawatafute waliopotea hata kabla hawajafika mlangoni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.