Kilo Moja ya Dawa, Kilo Ngapi za Taka?

Wiki ya kwanza ya Oktoba 2021 huku kwetu inakumbukwa kwa jina moja: Abdulrazak Gurnah. Alhamisi ile, tarehe 7, mzaliwa wa Zanzibar alitangazwa mshindi wa Nobeli ya fasihi, na kwa siku kadhaa hatukuwa na jingine la kusema. Tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini siku moja kabla, Jumatano, Stockholm walikuwa wametangaza Nobeli ya kemia, na habari hiyo ikafunikwa na vigelegele vyetu hata kabla hatujaisikia vizuri. Leo naifukua, kwa sababu inahusu vidonge tunavyomeza na yale yanayobaki nyuma vikishatengenezwa.

Washindi walikuwa wawili, kila mmoja na maabara yake: Benjamin List wa Ujerumani, na David MacMillan, mzaliwa wa Scotland anayefanya kazi Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. MacMillan alipopata habari alidhani anafanyiwa mzaha, akaweka dau la dola 1,000 kwamba si kweli. Tumwache na deni lake, tumfuate List.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 List alikuwa kijana mtafiti katika taasisi ya Scripps, California. Kazi yake ilihusu vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kemikali bila vyenyewe kumalizika. Wakemia wa wakati huo walikuwa na mafungu mawili makubwa ya vichocheo. Kwanza metali: paladiamu, rodiamu, ruteniamu, madini ya bei kali, na michanganyiko yake mingi haivumilii hewa wala unyevu. Pili vimeng'enya, zile protini kubwa zinazofanya kazi ndani ya miili yetu, kila moja ikiwa imeundwa na mamia ya asidi amino zilizoungana. List akajiuliza swali ambalo mwenyewe aliliona huenda ni la kijinga: katika mamia hayo yote, anayefanya kazi hasa ni nani? Je, nikichukua asidi amino moja tu, nikaitupa peke yake ndani ya chupa, itaweza?

Akachukua prolini. Ni poda nyeupe, ya bei ya chini, haina sumu. Na si ngeni kwako: ukinywa supu ya kongoro ikakunatanata midomoni, kinachonata ni jelatini, na prolini ni mojawapo ya asidi amino zilizo nyingi katika jelatini. List akaiweka pamoja na asetoni, kimiminika kile kile wanachofutia rangi ya kucha saluni, na kemikali nyingine ya kuunganishwa nayo. Ikafanya kazi. Tena haikuunganisha tu, ilichagua upande.

Hapo kwenye kuchagua upande ndipo ulipo uzito wa tuzo ile. Molekuli nyingi huja kwa jozi, kama ndara: ya kulia na ya kushoto, umbo moja lililogeuzwa. Mwili unazitofautisha. Iko molekuli iitwayo kavoni. Ya upande mmoja hunukia nanaa, ya upande wa pili hunukia kisibiti. Atomi ni zile zile, idadi ile ile, lakini pua haidanganyiki. Kwenye dawa, upande mmoja unaweza kutibu na mwingine usisaidie kitu, au ukadhuru. Kiwanda kinachotoa pande zote mbili nusu kwa nusu, na kuhitaji mmoja, mara nyingi kinatengeneza nusu ya kutupa.

Kinachonisumbua katika hadithi hii ni kwamba prolini ilikuwa imeshafanya kazi ya namna hiyo miaka 30 nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakemia wa kampuni mbili za dawa, Hoffmann-La Roche na Schering, waliitumia katika njia ya kutengeneza homoni. Wakaandika, wakachapisha, watu wakasoma na kuendelea na shughuli zao. Kwa muda mrefu hakuna aliyelifanya jambo hilo kuwa njia pana. Makala ya List na ile ya MacMillan zilitoka mwaka mmoja, 2000, na MacMillan ndiye aliyeupa uwanja huo jina: katalisisi-ogani, uchochezi unaofanywa na molekuli ndogo zenye kaboni, bila metali.

Siku ya kutangaza tuzo, Akademia ya Sweden ya Sayansi ilisema uvumbuzi huo umesaidia kuifanya kemia iwe ya kijani zaidi. Magazeti yakalidaka neno hilo. Mimi nakubaliana nalo nusu.

Turudi kwenye chupa ya List. Katika jaribio lile la mwanzo alitumia molekuli 30 za prolini kwa kila molekuli 100 za kemikali iliyokuwa ikibadilishwa. Kwa kichocheo, hicho ni kiasi kikubwa mno. Metali nzuri au kimeng'enya hutosha kwa chembe ndogo sana ya kiasi hicho. Na mchanganyiko wote ulikuwa ndani ya kimiminika kingi cha kuyeyushia. Baadaye maabara yake ilitengeneza vichocheo vya asidi vinavyotumika kwa kiwango cha sehemu chache tu kwa milioni, na hayo ndiyo mafanikio ninayoyavulia kofia. Lakini kukosa metali peke yake hakukifanyi kitu kuwa cha kijani.

Aliyetupa kipimo cha haki ni mkemia mwingine, Roger Sheldon, Mwingereza aliyefundisha Delft, Uholanzi. Mwaka 1992 aliuliza swali la mwenye duka: ukitengeneza kilo moja ya bidhaa, unatupa kilo ngapi? Viwanda vya kusafisha mafuta, ambavyo sote tumezoea kuvinyooshea kidole, vilitoka na chini ya gramu 100 za taka kwa kilo. Viwanda vya dawa vilitoka na kilo 25 mpaka zaidi ya 100. Naam, dawa. Kwa jumla mafuta huchafua zaidi kwa sababu ya wingi wake, lakini kilo kwa kilo, kidonge chako kimeacha mlima. Sababu ni hatua. Dawa hujengwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina kuyeyusha, kuosha, kuchuja na kumwaga. Sehemu kubwa ya taka ni hivyo vimiminika vya kuyeyushia.

Kwa hiyo mchango mkubwa wa katalisisi-ogani, kwa maoni yangu, uko kwenye kupunguza hatua. Miaka ya 1950 molekuli ya strikinini ilijengwa maabara kwa hatua 29, na kilichopatikana mwishoni ni punje ya punje. Mwaka 2011 kundi la MacMillan liliijenga kwa hatua 12, na ufanisi ukapanda mara 7,000.

Hata hivyo ufanisi nao una mipaka. List ni mmoja wa wakurugenzi wa taasisi ya Max Planck iliyoko Mülheim, Ujerumani, ambayo mpaka leo inaitwa Taasisi ya Utafiti wa Makaa ya Mawe, jina ililozaliwa nalo 1912. Humo humo, mwaka 1953, Karl Ziegler alivumbua kichocheo cha kutengenezea plastiki ya polithini bila shinikizo kubwa. Ukikipima kwa hesabu ya Sheldon ni cha kusifiwa: karibu kila atomi inayoingia inatoka ikiwa plastiki. Naye akapewa Nobeli, 1963. Matokeo yake tunayajua kwenye mitaro yetu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2008, Kenya 2017, Tanzania Bara 2019. Kiwanda kilitupa kidogo sana. Tuliotupa ni sisi, na hakuna aliyekuwa ameihesabu taka hiyo.

Kwenye dawa mambo yamegeuka. Sehemu kubwa ya dawa zetu hutoka India, na taka zake hubaki huko. Mwaka 2007 watafiti kutoka Sweden walichapisha vipimo vya maji yaliyokwisha kusafishwa katika mtambo wa Patancheru, karibu na Hyderabad, uliokuwa ukipokea majitaka ya viwanda vya dawa vipatavyo 90. Walikuta siprofloksasini, ile sipro tunayoinunua duka la dawa kwa homa ya matumbo, kwa kiwango kilichozidi kile cha kwenye damu ya mgonjwa anayeitumia. Maji hayo yalikuwa yakielekea mtoni.

Viwanda vyetu vingi vya dawa hapa Afrika Mashariki huagiza kiini cha dawa kutoka nje, kisha hapa hukichanganya na kukigandamiza kuwa vidonge. Kila serikali sasa inataka kutoka hapo, tupike kiini wenyewe, na baada ya tuliyoyaona wakati wa Uviko sidhani kuna atakayepinga. Kiini kikipikwa hapa, taka zitabaki hapa. Mwekezaji atakuja na michoro, na kwenye karatasi ya kwanza kutakuwa na neno kijani. Ripoti yake ya athari kwa mazingira itapita NEMC kama ni Tanzania, NEMA kama ni Kenya au Uganda. Ningetaka humo kuwe na ukurasa unaosema kwa tarakimu: kwa kila kilo ya kiini, kilo ngapi za taka, kimiminika gani cha kuyeyushia, na kinaishia mto upi.